Intakula ya mbele isikatiwe chuma cha bampa

Kwa Mhariri,

Pita Grogan, Ngara au Kariobangi Light Industries hapa Nairobi siku yoyote ya kazi na hutakosa kuona Subaru iliyovuliwa bampa, fundi kachuchumaa mbele yake na grinda mkononi. Anachokata si bampa. Ni boriti, kile chuma kipana kinachojificha nyuma ya plastiki ya bampa na kuunganisha ncha mbili za fremu. Kinakatwa ili intakula mpya, yaani kipoza hewa ya turbo, ipate pa kukaa mbele ya rejeta. Bampa ikisharudishwa gari hupendeza: alumini inang'aa kwenye mdomo wa bampa na hakuna anayejua kilichotolewa. Sisi tunaofanya kazi hii twasema ukataji huo hauna haja. Tena, tukiweka usalama kando kwa muda, intakula nyingi zinazofungwa kwa mtindo huo hazipozi hewa vizuri kuliko ile ya kiwanda iliyong'olewa.

Wanaotaka intakula kubwa tuwape haki yao kwanza, kwa sababu Nairobi ina hoja yake. Turbo hubana hewa, na hewa ikibanwa hupata joto. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kawaida hapa ina mgandamizo wa takriban psi 12 (pauni kwa inchi ya mraba), ilhali Mombasa ni 14.7. Turbo ikiongeza psi 14 juu ya hapo, Mombasa hewa itakuwa imebanwa karibu mara mbili, lakini Nairobi inapita mara mbili, kiasi cha 2.17. Chukua hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 25 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70: hesabu inatoa karibu nyuzi 115 kule pwani na 130 hapa kwetu. Hewa ya nje inayopita kwenye intakula ili kuipoza nayo ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko ile ya pwani yenye joto hilohilo. Kazi imezidi, msaada umepungua. Hewa moto ikifika kwenye silinda, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, injini hugonga, kompyuta ya injini huchelewesha cheche na nguvu hushuka. Kugonga kukiendelea, pistoni hupasuka kwenye mifereji ya ringi.

Subaru nyingi za turbo zina intakula iliyolala juu ya injini, inayopata hewa kupitia tundu la boneti. Gari likitembea haina shida. Likikwama kwenye jamu ya Mombasa Road, joto la injini hupanda na kuipasha, na unapokanyaga mafuta baada ya dakika 20 za kusimama, hewa inapita ndani ya chuma cha moto badala ya kupozwa. Intakula ya mbele haina ugonjwa huo kwa kiwango hicho, kwani feni za rejeta zinaivutia hewa hata gari likiwa limesimama. Hiyo ndiyo faida yake halisi mjini, kuliko hadithi za kuongeza nguvu za farasi 50 zinazouzwa na wauza spea.

Hata hivyo, mwenye gari ambalo bado liko katika nguvu za kiwanda, la kwenda kazini na kurudi, asikimbilie huko. Aangalie kwanza kama intakula aliyonayo inafanya kazi. Mara nyingi sponji inayoziba nafasi kati ya boneti na intakula imeoza au ilitupwa zamani, kwa hiyo hewa inayoingia kwa tundu la boneti inapita pembeni. Mapezi yamejaa vumbi na mafuta. Mshono unaobana matangi ya pembeni unavuja. Sponji mpya, kuoshwa na kupimwa uvujaji ni kazi ya nusu siku. Na wenye Golf GTI ya kizazi cha tano na cha sita wajue kwamba intakula yao tayari iko mbele, imebanwa kati ya kondensa ya AC (kipoza gesi ya AC) na rejeta. Wenye Mitsubishi Evo vilevile wanayo mbele tangu kiwandani. Kwa hao, swali ni ukubwa na ubora. Mahali pameshapatikana.

Sasa boriti. Kazi yake si kushikilia plastiki. Gari likigongwa upande mmoja wa mbele, boriti hupeleka sehemu ya nguvu kwenye ncha ya pili ya fremu, hivyo ncha zote mbili hukunjika pamoja jinsi zilivyopimwa kiwandani. Ukiikata katikati, upande uliogongwa unabeba mzigo wote peke yake. Mgongano wa mwendo mdogo, ule wa kusukumwa na matatu kwenye mzunguko, ambao ungeishia kwa boriti kupinda, sasa unaisukuma intakula ndani ya kondensa, kondensa ndani ya rejeta, na rejeta ndani ya feni. Magari mengi pia yana sensa za mfuko wa hewa upande wa mbele, kwenye fremu au kwenye mhimili wa rejeta, na wakati wa mfuko kufunguka ulipangwa kwa gari lenye boriti nzima. Wengine hujitetea kwamba wamepunguza kidogo tu, kipande cha juu leo, kona kesho bampa ikigoma kukaa. Bandubandu humaliza gogo. Chuma kilichopunguzwa unene katikati hupinda hapohapo.

Kinachotakiwa ni kupima kabla ya kununua. Vua bampa, acha boriti ilipo, kisha pima nafasi tatu: kutoka uso wa kondensa hadi mgongo wa boriti, kutoka chini ya boriti hadi kava ya chini, na upana kati ya ncha za fremu. Andika vipimo hivyo uende navyo dukani. Ukipata nafasi ya milimita 80 nyuma ya boriti, intakula ya unene wa milimita 50 hadi 65 inatosha kukaa na kubakiza pumzi. Ukikosa, tafuta yenye kimo kifupi ikae chini ya boriti, au nunua seti inayokuja na boriti yake mbadala, ya chuma au alumini nene, inayofungwa kwa matundu yaleyale ya bolti ya kiwandani. Boriti mbadala inayoungwa kwa bolti mbili pekee, au iliyotengenezwa kwa bomba jembamba la mraba la madirisha, si boriti.

Mnunuzi wa Nairobi hupenda unene. Anaona intakula ya milimita 100 na kuamini ni ya nguvu mara mbili ya ile ya 50. Hewa ya nje ikipita kwenye mapezi hupata joto kila sentimita. Ikifika nusu ya unene huo tayari imepashwa na haina mengi ya kuchukua. Eneo la uso ndilo lenye maana zaidi. Kwa injini ya lita 2 inayosukuma psi 14 hadi 18, uso wa takriban milimita 550 kwa 230, unene 65, unatosha kabisa kwa barabara. Intakula nene sana inainyima rejeta hewa, na matokeo yake ni injini kuchemka kwenye mlima wa Limuru na AC kupuliza vuguvugu Thika Road saa nane mchana.

Kuna pia aina mbili za ujenzi. Ile ya bapa na vyuma ni nzito na inavumilia mawe. Ile ya mirija na mapezi ni nyepesi, inaruhusu hewa nyingi ipite hadi kwenye rejeta, lakini jiwe la barabara ya murram huutoboa mrija mmoja na kazi imekwisha. Kwa anayelala mjini na kwenda ushago mwisho wa mwezi, sisi huchagua ya bapa. Usinunue iliyotumika kutoka kwa gari ambalo turbo yake ilikufa. Vipande vya chuma hubaki ndani ya mikunjo, havitoki kwa kuoshwa, na siku moja huamua kuingia kwenye silinda.

Kuvua bampa ni kazi ndogo iliyojaa njia za kuharibu. Toa waya hasi ya betri kwanza na usubiri dakika chache kabla ya kugusa chochote karibu na sensa za mfuko wa hewa. Usiwashe swichi zikiwa zimechomolewa, taa ya hitilafu itabaki. Bandika utepe wa karatasi kwenye kona za madigadi ambako bampa hukwaruza rangi. Klipu za plastiki juu ya grili, bolti za milimita 10, skrubu za ndani ya kava za magurudumu, kisha zile za chini. Gari la zaidi ya miaka 15 klipu zake zimekauka na zitavunjika, kwa hiyo nunua pakiti nzima mapema badala ya kurudisha bampa kwa waya za kufungia. Vuta kona moja kwa upande, halafu nyingine, na kabla hujaivuta mbele chomoa soketi za taa za ukungu. Honi itahitaji kuhamishwa. Ifunge ikiangalia chini ili isijae maji. Chupa ya maji ya kuoshea kioo pia mara nyingi inasumbua njia ya paipu. Mabomba ya kondensa usiyakunje hata kidogo: yakipasuka gesi yote imeenda na bili imeongezeka.

Kabla ya kuning'iniza intakula, angalia inakaa wapi uzito wake. Pamoja na paipu inaweza kufika kilo 10, na barabara zetu zina matuta kila mita mia. Ukiifunga kwa vipande vya bati vya milimita 1 kwenye bati la mhimili wa rejeta, nyufa zitaanza kwenye matundu ya bolti. Tumia mabano ya chuma cha milimita 3 au alumini ya milimita 4 hadi 5, bolti za M8, pointi mbili juu na angalau moja chini, zote zikiwa na mpira wa kufyonza mtikisiko. Kamwe usilehemu mabano kwenye boriti. Joto hulainisha chuma chake. Toboa kwenye mhimili au tumia matundu yaliyokuwepo. Acha milimita 15 hadi 25 kati ya intakula na kondensa. Zikigusana, mtikisiko utakula mirija ya kondensa taratibu mpaka itoboke, na fundi wa AC ndiye atakayelaumiwa.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo karibu kila gereji huiruka, na ambayo kwa maoni yetu ina thamani kuliko chapa ya intakula: kuziba kingo. Hewa, kama maji, hupita palipo rahisi. Ikikuta uso wa intakula wenye mapezi mazito na pembeni kuna pengo la vidole vitatu, itapita kwenye pengo. Kata vipande vya bati jepesi la alumini au plastiki ngumu, vifunge kutoka tundu la bampa hadi kingo za intakula, juu, chini na pande zote mbili. Palipobaki mwanya weka sponji ngumu ya seli zilizofungwa, isiyonyonya maji. Kisha fanya vivyo hivyo kati ya intakula na kondensa, ili hewa iliyotoka ya kwanza ilazimike kuingia ya pili na kuendelea hadi rejeta. Kava ya chini irudishwe. Mafundi wengi huitupa kwa sababu paipu inaigusa. Bila hiyo hewa ya mwendo hukusanyika chini ya injini, presha nyuma ya rejeta hupanda, na mtiririko wa mbele hupungua. Ikate tundu la paipu, uirudishe.

Paipu ndizo zinazorudisha wateja gereji. Kwenye Subaru nyingi zenye turbo moja, hasa za zamani, turbo iko nyuma kulia, kwa hiyo paipu ya moto, ile ya kutoka turbo hadi intakula, inashuka upande wa kulia kupita karibu na boksi la filta, na paipu ya baridi inarudi upande wa kushoto kupita betri hadi kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Upande wa moto kipenyo cha milimita 51 hadi 57 kinatosha. Upande wa baridi 63. Kubwa zaidi ya hapo inaongeza ujazo wa kujazwa na turbo kabla ya presha kufika kwenye injini, bila faida. Kona zitumie zile za kununua ambazo duara lake halijabonyea. Mashine za kukunja paipu za ekzosi hapa mjini huzibana kona na kupunguza njia. Sehemu ndefu iwe alumini, na mipira ya silikoni iwe viungo vifupi vya milimita 75 hadi 80. Mpira mrefu wa silikoni huvimba chini ya presha na kusinyaa ukiachia mafuta.

Ncha ya kila paipu lazima iwe na ukingo uliovimba wa milimita 2 hadi 3. Ukosefu wa ukingo huo ndio unaosababisha ule mlio wa paa kwenye mwinuko wa Museum Hill, gari likapoteza nguvu na kutoa moshi mweusi. Fundi asiye na mashine ya kuvimbisha anaweza kulehemu mstari mwembamba kuzunguka ncha na kuulainisha kwa tupa. Mpira uingie milimita 35 hadi 40, klampu ikae nyuma ya ukingo, si juu yake. Tumia klampu pana za bolti-T. Zile nyembamba za kukaza kwa bisibisi zina meno yanayokata silikoni. Nyuso zifutwe kwa petroli au kisafishaji kisichoacha mafuta, zifungwe kavu. Grisi hurahisisha kuingiza mpira leo na kuutoa kesho. Kaza mpaka mpira uanze kuonyesha alama ya klampu, karibu Nm 6 hadi 8. Wanaokaza mpaka bolti ipinde wanaibonyeza alumini na kutengeneza uvujaji wanaoukimbia.

Injini hutembea kwenye mipira yake kila ukikanyaga, na fremu haitembei. Kila upande uwe na angalau viungo viwili vya silikoni, na paipu ziwe na milimita 20 hadi 25 kutoka kwa mkanda, feni, waya na mwili wa gari. Karibu na ekzosi acha milimita 50 au weka ngao ya joto. Mpira wa kwanza kutoka kwenye turbo uwe wenye utando wa fluoro ndani, kwani mvuke wa mafuta ya injini hulainisha silikoni ya kawaida mpaka ikanyooka kama utumbo. Paipu zilizokatwa au kulehemiwa zioshwe na kupulizwa kabla ya kufungwa. Vumbi la grinda likibaki ndani, hakuna filta kati yake na pistoni. Kulehemu alumini kufanywe kwa TIG (mashine ya gesi ya argoni), paipu ikiwa imetolewa kwenye gari.

Vitu vidogo vinavyosahaulika ni viwili. Kwanza, valvu ya kuachia hewa iliyobanwa unapoachia mafuta. Kwenye Subaru imefungwa juu ya intakula ya kiwanda, kwa hiyo ikiondoka, valvu inahitaji makao mapya kwenye paipu ya baridi, na mpira wake wa kurudisha hewa kabla ya turbo. Vijana hupenda ile inayotema hewa nje kwa mlio. Gari linalopima hewa kwa sensa iliyoko kwenye boksi la filta tayari limeihesabu hewa hiyo na kumwaga petroli inayolingana nayo. Hewa ikitemwa nje, petroli inabaki nyingi, gari linakohoa na kuzima ukifika kwenye taa. Mlio una gharama. Pili, ule mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye wesigeti, valvu inayodhibiti presha ya turbo. Ukiutoa karibu na turbo na kuuweka baada ya intakula, wesigeti itaona presha ndogo kuliko iliyopo kwenye turbo, na turbo itazunguka kwa nguvu zaidi kufidia. Uache ulipokuwa isipokuwa atakayeseti kompyuta ya injini amekuambia vingine.

Kabla bampa haijarudi, pima uvujaji. Hapa hatuna subira na mtu anayesema atasikiliza kwa masikio barabarani. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, ziba na mipira ya pumzi ya injini, unganisha kompresa yenye regyuleta, na upandishe polepole hadi psi 15. Usizidishe 20, sili za injini hazikuumbwa kwa hilo. Usisimame mbele ya kiungo chochote. Mpira ukichomoka unapiga kama ngumi. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila klampu, kila mshono wa kulehemu, na kwenye mshono wa matangi ya intakula. Hewa kidogo itatoroka kupitia valvu za injini, hilo ni la kawaida, na ukiizungusha injini kwa mkono itabadilika. Mapovu kwenye viungo si ya kawaida.

Sasa kuhusu kuthibitisha faida. Kuna desturi ya kumwonyesha mteja simu iliyounganishwa kwenye soketi ya kompyuta: tazama, joto la hewa ni nyuzi 28, intakula inafanya kazi. Kwenye Subaru nyingi sensa hiyo ya joto imo ndani ya sensa ya kupima hewa, kabla ya turbo. Inasoma hewa ya Nairobi, na ingesoma vilevile hata intakula ikiwa imejazwa matope. Anayetaka ukweli atoboe paipu ya baridi karibu na throto, alehemu nati ndogo na kufunga sensa ya joto. Gia ya tatu, mafuta hadi mwisho, kwenye mashine ya kupimia nguvu: hewa ikizidi ile ya nje kwa nyuzi 15 hadi 20 tu, kazi ni nzuri. Ikizidi kwa 40, rudi uangalie kingo. Na weka geji za presha mbili, kabla na baada ya intakula. Tofauti ikipita psi 2, njia ya ndani ni nyembamba mno au kona imebonyea. Joto la maji ya rejeta nalo litazamwe kwenye jamu AC ikiwa imewashwa, kwa nusu saa, si kwa kuzunguka gereji mara moja. Baada ya hapo ndipo kompyuta isetiwe upya. Kuseti kabla ya kuziba uvujaji ni kuzifundisha namba zikubali kosa.

Klampu zikaguliwe gari likiwa baridi baada ya kilomita 50, kisha 500. Utando mwembamba wa mafuta ndani ya paipu ni wa kawaida. Kikombe kizima maana yake ni turbo au pumzi ya injini. Vijana wa car wash waambiwe wasielekeze mashine ya presha kwenye mapezi, hulala yote na hewa haipiti tena. Maji ya kawaida ya bomba, kutoka nyuma kuja mbele, yanatosha. Wavu wa matundu ya milimita 6 mbele yake huzuia mawe na karatasi za plastiki.

Jambo moja zaidi, kwa sababu mvua za masika hazina adabu tena. Mtu akiona boksi la filta linazuia paipu ya moto, hulitoa na kufunga filta ya wazi chini, nyuma ya bampa. Mwaka 2024 mji huu uliona barabara zikigeuka mito. Filta iliyo sentimita 25 kutoka ardhini ikizama, injini hunywa maji, na maji hayabanwi: fimbo za pistoni hupinda kwa mzunguko mmoja. Intakula kukaa chini si tatizo kama viungo vimekaza. Filta kukaa chini ni tatizo.

Kwa wakaguzi wa magari wa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, pale Likoni Road na kwa wathamini wa kampuni za bima tuna ombi. Mnapoona alumini inang'aa kwenye bampa, pigeni magoti na kumulika kwa tochi kupitia tundu la chini. Boriti inaonekana, au haionekani. Mteja naye aiambie bima yake kuhusu mabadiliko kabla ya ajali, kwani bima inayogundua yenyewe baada ya mgongano ina sababu ya kukataa dai. Na kabla ya kulipa fundi, adai picha nne zilizopigwa bampa ikiwa nje: boriti nzima kutoka kona hadi kona, mabano ya intakula, kingo zilizozibwa, na geji ya kompresa ikisoma 15 huku viungo vyote vimelowa sabuni bila povu.

Mafundi wa turbo,
Baba Dogo, Nairobi